Gharama ya kutuma mimea hai ya tangi la samaki

Gharama ya kutuma ni pesa yote inayotumika kuutoa mmea kwenye tangi la muuzaji hadi umfikie mnunuzi ukiwa hai. Ukifika umeoza, pesa hiyo haijanunua kitu. Ndiyo maana hesabu ya mimea ya majini hailingani na ya viatu au simu, japo vyote husafiri kwenye buti la basi lilelile.

Mnunuzi aliyeko Dar es Salaam anaona anubiasi, mmea wa majini wa kuweka tangini, inauzwa Mwanza kwa shilingi 5,000, kisha anaambiwa kutuma ni 12,000. Anahisi anapigwa. Hajapigwa: basi halitozi mmea, linatoza boksi. Ndani ya hiyo 12,000 (nimeiweka kama mfano, bei halisi waulize mawakala stendi) kuna boksi lenyewe, mifuko, gundi ya karatasi, bodaboda kutoka Kirumba hadi stendi ya Nyegezi, na nauli ya mzigo. Na bado hapo safari haijaisha. Mzigo ukishushwa stendi ya Magufuli kule Mbezi, mnunuzi wa Kigamboni ana safari nyingine ya kuufuata, na hiyo ni pesa yake. Kipande hiki cha mwisho ndicho husahaulika zaidi, na ndicho huleta ugomvi. Muuzaji mwema hukitaja kabla hajapokea hela.

Kwa kuwa kinacholipiwa ni boksi, idadi ya mimea ndiyo inayobadilisha hesabu. Mmea mmoja kwenye boksi hilo unabeba 12,000 peke yake. Ukiweka sita, kila mmoja unabeba 2,000. Kwa sababu hiyo wauzaji wengi hukataa oda ya mmea mmoja, na mimi naona wana haki. Kwa mnunuzi, njia nzuri ni kutafuta wenzake wawili watatu wa mji huohuo, waagize pamoja, boksi moja lije kwa jina la mmoja wao.

Linalofuata ni maji, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Mtu anayetuma kwa mara ya kwanza huona mmea wa majini lazima usafiri ndani ya maji. Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita tatu ni kilo tatu za nauli, na mfuko ukipasuka unalowesha magunia ya wenzako. Wakala akiona boksi linavuja atalikataa, na atakuwa amefanya sawa. Ubaya mkubwa zaidi unaupata mmea wenyewe. Gizani jani halitengenezi oksijeni, linaitumia. Maji hubeba oksijeni kidogo sana ukilinganisha na hewa, kwa hiyo mfuko uliojaa maji huishiwa mapema na majani huanza kuoza. Mmea unahitaji unyevu tu: gazeti lililoloweshwa na kukamuliwa, mmea ukavingirishwa ndani yake, ukatiwa kwenye mfuko uliofungwa na hewa kidogo. Hapo uzito wa boksi unashuka sana.

Ukituma kwa ndege au kwa kampuni za vifurushi, utakutana na uzito wa ujazo. Kampuni hupima urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, huzidisha, kisha hugawa kwa 5,000. Mizigo ya ndege mara nyingi hugawa kwa 6,000. Jibu hulinganishwa na uzito wa mizani, na kinachozidi ndicho unacholipia. Boksi la 40 kwa 30 kwa 25 lina sentimita za ujazo 30,000. Gawa kwa 5,000, unapata kilo 6, hata kama mizani inaonyesha kilo moja na nusu. Mimea ileile ikiingia kwenye boksi la 30 kwa 20 kwa 10, unalipia uzito wa mizani, kwa sababu ujazo ni kilo 1.2 tu. Kata boksi liienee mimea yako. Usijaze nafasi kwa magazeti makavu.

Aina ya mmea nayo ina neno. Anubiasi na kangaga la Java (Java fern) huvumilia siku kadhaa za giza na unyevu, kwa hiyo huhimili njia ya bei nafuu. Mimea laini yenye majani membamba huchubuka na kupukutika haraka. Hiyo itume kwa njia ya haraka au usiitume kabisa. Na usinunue vifuko vya kutia joto vinavyosifiwa na wafugaji wa Ulaya. Wao wanapigana na baridi ya Desemba, sisi tunapigana na buti la basi linalopita Singida na Dodoma jua la mchana. Sanduku la povu jeupe ndilo lenye faida, maana huzuia joto lisiingie.

Kuna gharama isiyoandikwa kwenye risiti yoyote: mimea inayokufa njiani. Tuseme unaahidi kutuma upya bure, na katika kila maboksi 10 moja huharibika. Boksi lina mimea ya 30,000 na usafiri wa 12,000, jumla 42,000. Ukiigawa hasara hiyo kwa maboksi 10, kila moja linabeba 4,200. Pesa hiyo iingize kwenye bei mapema, au usitoe ahadi hiyo.

Kisumu iko karibu na Mwanza kuliko Dar es Salaam, ila mmea hai ukivuka mpaka unahitaji cheti cha afya ya mimea, ambacho huku hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Ukaguzi unakula muda na pesa, kwa hiyo boksi dogo la mimea sita halistahili safari hiyo. Gugu maji lisitumwe popote, hata likiombwa kwa bei nzuri. Mvuvi yeyote wa Igombe anajua linavyoziba mwalo, na kipande kimoja kinatosha kuanzisha zulia jipya kwenye bwawa la mtu mwingine.