Mungu Haachwi Kanisani: Dhana Potofu Kuhusu Kumkaribia Katika Maisha ya Kila Siku

Wakatoliki tuna namna yetu ya kumtambua mcha Mungu. Hakosi Misa ya alfajiri, yumo katika vyama vya kitume viwili au vitatu, mikesha ya Karismatiki anaijua yote. Hayo ni mema, wala sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na mawazo yanayoota pembeni yake, hasa lile la kwamba dukani, shambani na jikoni ni mahali tunapompa Mungu kisogo kidogo ili tutafute riziki. Nayataja hapa moja moja, kila moja na jibu lake.

"Utakatifu ni wa mapadre na watawa. Sisi wa ndoa tuombe tu tusikose mbingu."

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia, ulishalijibu hili mwaka 1964. Katika hati yake juu ya Kanisa, *Lumen Gentium*, sura nzima ya tano inafundisha kwamba wabatizwa wote wameitwa kwenye utakatifu, kila mmoja katika hali yake ya maisha. Na hilo halikuwa jipya. Zaidi ya miaka 400 iliyopita Mtakatifu Fransisko wa Sales, askofu wa Geneva, aliuliza ingekuwaje fundi akishinda kanisani kutwa kama mtawa, au mwenye familia akiacha kujali mali kama Mkapuchini, mtawa wa nadhiri ya ufukara. Aliona ni kichekesho.

Watazame Louis na Zélie Martin wa Ufaransa, wazazi wa Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Wote wawili walitaka utawa ujanani wakakataliwa. Louis akawa fundi saa, Zélie akafungua biashara ya lasi na kuajiri wanawake wa kumfumia. Walizaa watoto tisa, wakazika wanne. Zélie mwenyewe alikufa kwa saratani ya titi, mabinti wakiwa bado wadogo. Mwaka 2015 Papa Fransisko aliwatangaza watakatifu, mume na mke kwa pamoja. Hawakufika huko kwa kuukwepa mzigo wa nyumba.

Na Bwana Yesu mwenyewe? Luka anasema alipoanza kuhubiri alikuwa na umri wa kama miaka thelathini. Ile mingine karibu yote aliishi Nazareti kwenye karakana, na Injili hazina muujiza hata mmoja wa kutusimulia kutoka miaka hiyo.

"Kazi ni kazi, sala ni sala."

Hapa ndipo tunapoumia zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mfanyabiashara anatoa zaka kila mwezi, lakini shambani anamlazimisha mkulima kufunga lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo. Familia inasali rozari saa tatu usiku, wote wamepiga magoti, na dada wa kazi aliye jikoni anadai mishahara ya miezi miwili. Mtumishi wa umma anasoma somo la kwanza Dominika, Jumatatu faili haliendi mpaka "aone kitu". Ukimuuliza, kila mmoja atasema hayo ni mambo ya dunia, Mungu anaangalia moyo.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inayaweka mambo hayo waziwazi chini ya amri ya saba, usiibe: udanganyifu katika biashara, ujira usio wa haki, rushwa. Mtume Yakobo ni mkali zaidi. Anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana. Kwa hiyo usiku ule wa rozari Mungu anasikia sauti mbili kutoka nyumba moja.

Mfano wa upande wa pili tunao karibu, tena kwa mtu aliyekulia kwenye Kiswahili. Floribert Bwana Chui wa Goma, Kongo, alikuwa kijana mlei, yaani si padre wala mtawa, mwanajumuiya wa Sant'Egidio, jumuiya ya Kikatoliki ya walei. Kazi yake ilikuwa kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia mpakani. Mwaka 2007 alikataa rushwa ili asipitishe chakula kilichoharibika, ambacho kingeliwa na watu wa kawaida sokoni. Alitekwa, akateswa, akauawa Julai mwaka huo akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenyeheri, hatua ya kabla ya kutangazwa mtakatifu, mjini Roma, akihesabiwa kuwa mfiadini. Fikiria: alifia imani kwa kukataa kusaini karatasi. Hakuna aliyemwambia amkane Kristo kwa maneno. Walimtaka afanye kile ambacho ofisi nyingi hukiita "kuelewana".

"Mungu kwanza, familia itaelewa."

Mungu kwanza, ndiyo. Ila Marko sura ya saba inatuonyesha Yesu akiwakemea watu waliosema mali yao ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi. Aliwaambia wametangua neno la Mungu. Kiongozi wa kwaya ambaye mtoto wake ana homa siku ya tatu na mke anahangaika peke yake, akibaki nyumbani siku hiyo hajamwacha Mungu. Hata sheria ya Misa ya Dominika inamtambua anayeuguza mtu au kulea mtoto mchanga kuwa mwenye sababu ya haki ya kukosa.

"Nisiposikia kitu moyoni, sala haijafika."

Mama Teresa wa Kolkata aliishi miaka mingi bila kuhisi uwepo wa Mungu, na barua zake zilizotoka baada ya kifo chake zinaonyesha hivyo. Alisali hivyo hivyo, akahudumia hivyo hivyo. Yule Teresa wa Mtoto Yesu alikuwa akisinzia kwenye sala, akajifariji kwamba watoto wanapendwa na wazazi wao hata wakiwa wamelala. Basi wewe unayeishia fumbo la tatu la rozari kwenye daladala, kichwa kimeegemea dirisha, usijilaumu sana.

"Novena hii haijawahi kushindwa. Tuma kwa watu kumi na wawili kabla ya saa sita."

Futa ujumbe huo. Katekisimu inasema kutegemea maneno au ishara za nje za sala peke yake, bila moyo unaostahili, ni kuangukia ushirikina. Ndiyo, neno hilo hilo tunalolitumia kwa hirizi.

"Kuungama dhambi zilezile kila mara ni kumdhihaki Mungu."

Kitubio kinadai majuto ya kweli na nia ya kuacha. Hakidai uhakika kwamba hutaanguka tena. Mwenye hasira ataungama hasira, na hilo ni la kutegemewa, kwa kuwa anaishi na watu walewale na udhaifu uleule. Amri ya Kanisa inataka tuungame walau mara moja kwa mwaka, lakini hicho ni kiwango cha chini kabisa, sijui kwa nini wengi wetu tunakichukulia kama ratiba.

"Jumuiya ni ya akina mama na michango."

Maaskofu wa Afrika Mashariki na ya Kati walipozipa kipaumbele Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo katika miaka ya 1970, walitaka majirani wasome Neno na kubebana. Ni kweli michango imezidi mahali pengine, na viongozi wasikie. Lakini baba asiyeonekana jumuiyani mpaka siku ya msiba wake amejinyima watu ambao wangemwambia ukweli mapema.

"Mimi sina muda."

Huenda huna muda wa mkesha. Anza na sala ya Malaika wa Bwana: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni. Haifiki dakika tatu, na inasalika kituoni, kwenye foleni ya benki au ukisubiri chai ichemke. Kabla ya kulala jiulize maswali mawili tu: leo nimshukuru Mungu kwa nini, na kesho nimwombe nani msamaha? Kipindi cha Pasaka, badala ya Malaika wa Bwana, sali Malkia wa Mbingu.