Mkufunzi msaidizi wa chuo kikuu: hufunzwa nini, na husaidiwa vipi?

Mkufunzi msaidizi ni mtu anayefundisha chuo kikuu kwa dhamana ya mwingine. Somo ni la mhadhiri: ndiye aliyepanga mada, ndiye mtunzi wa mtihani, na ndiye anayetia sahihi karatasi ya alama. Msaidizi hupewa sehemu zake: kikundi cha wanafunzi 20 au 30 wa kurudia nao mhadhara, zamu ya maabara, safari ya nyanjani, na karatasi za kusahihisha. Nchini Kenya kazi hii kwa kawaida hushikwa na aliyehitimu shahada ya kwanza kwa daraja la kwanza au la pili la juu na sasa anasoma uzamili, au mwenye uzamili aliyejiandikisha kwa uzamifu. Kijana wa Malindi huenda akaipata Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, kilomita kama 60 kwa barabara ya Mombasa.

Amechaguliwa kwa sababu alifaulu vizuri. Uwezo wake wa kufundisha haukujaribiwa. Ndiyo maana panatajwa mambo mawili, mafunzo na msaada, na si vyema kuyachanganya. Mafunzo hutangulia: hapo hujifunza kazi kabla hajakabidhiwa darasa. Msaada ni wa muhula mzima, maana mengi yanayomshinda hajayaona bado siku ya kwanza. Semina ya siku moja yenye hotuba tatu, chai ya maziwa na cheti haitoshi kwa lolote kati ya hayo mawili.

Mafunzo yenye faida huanza na ufundishaji mdogo, mbinu iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1963. Wasaidizi watano au sita huketi pamoja. Mmoja hufundisha kwa dakika 5 hadi 10, akijaribu ujuzi mmoja tu: kufungua mada, kueleza mchoro, au kuuliza swali na kungoja jibu. Simu moja inatosha kurekodi. Wenzake humwambia walichoelewa na walipopotea, naye hurudia palepale au kesho yake. Kurudia ndiko kwenye faida, na ndiko hukatwa kwanza muda unapobana. Jambo jingine linaloharibu zoezi hili ni adabu yetu: wenzake husema “ilikuwa nzuri sana” na kunyamaza. Msimamizi akidai kila mtu ataje sentensi moja ambayo hakuielewa, adabu inabaki na kazi inafanyika.

Kuhusu kungoja jibu, mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe alionyesha kwamba walimu wengi hungoja sekunde moja hivi baada ya kuuliza, kisha hujijibu wenyewe. Wakingoja sekunde 3 au zaidi, majibu huwa marefu na wanaojibu huongezeka. Sekunde 3 za kimya mbele ya darasa ni ndefu kuliko zinavyosikika hapa. Msaidizi mgeni azihesabu moyoni.

Lakini kama chuo kina nafasi ya kufunza jambo moja tu, na liwe usahihishaji. Huko ndiko mwanafunzi huumia bila kujua. Mhadhiri huteua karatasi 6, nzuri, mbaya na za katikati, hufunika majina na kuzitoa nakala. Kila msaidizi husahihisha peke yake kwa mwongozo wa alama, kisha alama huandikwa ubaoni. Swali la alama 10 huenda likapata 4 kwa mmoja na 8 kwa mwingine. Tofauti hiyo ndiyo somo la siku: mmoja alikata alama kwa Kiingereza kibovu, mwingine alitazama hoja tu. Mwongozo ulisema “eleza kwa ufasaha” na haukusema ufasaha una alama ngapi. Mwongozo hurekebishwa, karatasi 3 nyingine husahihishwa, na tofauti ikishuka hadi alama moja hivi, rundo linaweza kugawanywa.

Baada ya hapo husahihishwa kwa swali, si kwa karatasi: swali la kwanza katika rundo zima, kisha rundo huchanganywa upya na kuanza la pili. Anayesahihisha karatasi nzima kwa mkupuo huvutwa na jibu la kwanza. Likimpendeza, yanayofuata huonekana mazuri pia. Uchovu nao una sehemu yake, na bila kuchanganya, walio chini ya rundo ndio huulipa kila mara. Mhadhiri hupitia tena karatasi moja katika kila 10, pamoja na zote zilizokaribia alama ya kufaulu, ambayo katika programu nyingi za shahada ya kwanza ni 40.

Hesabu ya muda ifanywe kabla. Karatasi 120 kwa dakika 12 kila moja ni saa 24 za kazi. Msaidizi aliyeandikiwa saa 10 kwa wiki, na 4 kati yake ni za darasani, atahitaji wiki 4 kuzimaliza. Akiambiwa wiki moja, ama atasahihisha ovyo ama ataiacha tasnifu yake, na mara nyingi hufanya yote mawili.

Halafu alama zifike. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya wanaijua shida ya alama zinazopotea: mtu amefanya mtihani, amemaliza miaka minne, na jina lake halimo katika orodha ya wanaohitimu kwa sababu ya somo moja la mwaka wa pili. Nyingi hupotelea mikononi, kati ya daftari la msaidizi na kompyuta ya idara. Dawa yake ni ya kikarani: wakati wa kukusanya, idadi ya karatasi ihesabiwe mbele ya watu wawili, mwanafunzi atie sahihi kwamba ametoa yake, orodha ya alama iwe nakala mbili, moja kwa mhadhiri siku ileile. Isitumwe kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Alama ni taarifa za mtu binafsi, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019.

Mafunzo ya nyanjani yana mambo yake, na pwani hii ni mfano mzuri. Tuseme wanafunzi 30 wa sayansi ya bahari wanakwenda kuhesabu majani ya bahari katika Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotangazwa mwaka 1968. Kibali huombwa mapema kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Siku huchaguliwa kwa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu. Wakati huo tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, na kupwa kwa mchana huangukia asubuhi, karibu na saa nne. Kikundi kiwe mahali pa kazi saa moja na nusu kabla ya maji kufika mwisho wa kupwa. Anayechagua siku kwa ratiba ya basi hufika siku ya maji mafu, yasiyopwa sana, na kukuta mwamba haujafunuka. Msaidizi hutangulia siku moja au mbili na kufanya kila hatua mwenyewe: kutandaza kamba ya mita 50, kuweka fremu ya nusu mita kwa nusu mita, kuhesabu, kuandika. Hapo ndipo hugundua kwamba fremu moja huchukua dakika 8 na si 3, na hupunguza kazi kabla wanafunzi hawajakwama majini. Mzaliwa wa hapa hudhani haya ni mambo ya wazi, lakini mwanafunzi wa bara huenda hajawahi kuona bahari ikirudi.

Suala la lugha halina jibu moja. Mtihani huandikwa kwa Kiingereza. Msaidizi anayeeleza kwa Kiswahili hueleweka haraka, na hakuna ubaya, mradi kabla ya kipindi kwisha wanafunzi waandike jibu lilelile kwa Kiingereza. Akiteleza hadi kwenye Kiswahili cha mtaani kwake, anayetoka mbali hukaa nje ya mazungumzo.

Ujirani nao una shida zake. Mwanafunzi mmoja ni mtoto wa mtaa wa Shela, Malindi, wa pili ni shemeji ya rafiki. Simu ya shangazi huingia jioni: “Mwanangu, huyo ni mdogo wako, mtazame.” Shangazi hasemi alama, na hana haja. Njia nyepesi ni msaidizi kumwambia mhadhiri mapema ni akina nani wanaomhusu, karatasi zao zikaenda kwa mwenzake, na kusahihisha kwa namba za usajili. Kwa shangazi jibu ni “Shikamoo, shangazi, karatasi zake hazipo kwangu,” na liwe ni kweli.

Msaada wa muhula hauhitaji fedha nyingi. Kuwe na kikao cha dakika 30 kila wiki na mhadhiri, kabla ya darasa na si baada yake. Mtu aketi nyuma ya darasa mara mbili kwa muhula, naye asiwe yule anayeandika ripoti ya kuongeza mkataba. Wiki ya tano wanafunzi waandike bila majina: nini kinakusaidia, nini kinakuzuia, nini kibadilike. Wiki ya tano bado kuna muda wa kubadilisha. Fomu ya mwisho wa muhula hulifaa darasa lijalo tu.

Msaidizi aambiwe pia wapi kazi yake inakoma. Mwanafunzi aliyefiwa, aliyekosa karo au anayeongea habari za kujidhuru hupelekwa kwa ofisi ya ushauri, na jina la mtu wa kumpokea lijulikane mapema. Umri wao hukaribiana, na mapenzi huzuka. Lakini anayesahihisha karatasi ya mtu ana mamlaka juu yake, na unyanyasaji wa mwenye mamlaka umo katika Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006.

Kabla ya kutia sahihi mkataba, msaidizi aulize kwa maandishi: saa ngapi kwa wiki, na kusahihisha kumo ndani yake au la; nani wa kumwendea, mhadhiri akiwa safarini; malipo hufika mwezi gani; na karatasi za marudio baada ya muhula kwisha zitasahihishwa na nani, kwa malipo gani.