Eneo la wazi ni nini, na ni la nani?

Dalali wa viwanja Dodoma ana sentensi moja anayoipenda akikuonyesha kiwanja kinachotazamana na uwanja: "Hapo mbele ni eneo la wazi, bosi. Hakuna atakayekuziba, upepo utaupata mpaka uzeeke." Na bei inapanda hapohapo. Miaka kadhaa baadaye unafungua dirisha asubuhi, unakuta lori limemwaga mawe na fundi anavuta kamba. Ukimtafuta dalali akupe maelezo, atakwambia bila kupepesa macho kwamba kweli lilikuwa wazi, ndiyo maana limepata mtu.

Shida inaanzia kwenye neno lenyewe. Tunasema mlango uko wazi, maana yake ingia. Tunasema pia nafasi ya kazi iko wazi, maana yake inasubiri mtu wa kuijaza. Wengi wakisikia "eneo la wazi" wanalichukua kwa maana ya pili: ardhi iliyobaki, isiyo na mwenyewe, inayongoja mjanja. Watu wa mipango miji wanalitumia kwa maana ya kwanza. Limefunguliwa kwa kila mtu, na kazi yake imeshapangwa.

Kwa maneno ya kawaida, eneo la wazi ni ardhi ndani ya mji ambayo mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa umeitenga isijengwe makazi wala biashara, ili wakazi wapate pa kupumzikia, kuchezea na kukusanyika, na mji wenyewe upate pa kupitishia hewa na maji ya mvua. Chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 ndiyo inayosimamia namna ardhi ya mjini inavyopangwa itumike. Kiwanja chako unamilikishwa wewe. Eneo la wazi linasimamiwa na halmashauri kwa niaba ya mtaa mzima, pamoja na yule mpangaji wa chumba kimoja ambaye hana hata mguu wa ardhi.

Ukubwa wake unatofautiana. Kuna kipande kidogo katikati ya nyumba, cha watoto wadogo ambao mama anataka awaone akiwa jikoni. Kuna uwanja wa mtaa wenye magoli ya miti. Halafu kuna bustani za mji mzima, ambazo mtu hupanda daladala kwenda. Hapa kwetu Dodoma inayotajwa kwanza ni Nyerere Square, pale katikati ya mji, kisha Chinangali Park, iliyojengwa chini ya mradi wa kuendeleza miji ya kimkakati kwa fedha za mkopo wa Benki ya Dunia, mradi uleule uliotuletea Soko la Ndugai na stendi kuu ya mabasi kule Nzuguni. Bustani kubwa ndizo zinazopigwa picha. Mimi naona kile kipande kidogo cha mtaani ndicho chenye kazi nzito zaidi, maana mtoto wa miaka saba hapandi daladala kwenda kucheza.

Si kila mahali pasipo na nyumba ni eneo la wazi, na hapa watu hujichanganya sana. Ukanda ulio pembeni ya lami ni hifadhi ya barabara. Leo kuna vibanda na mama lishe, kesho barabara ikipanuliwa wanaondoka. Uwanja wa shule ni wa shule, hata kama jioni vijana wanaruhusiwa kuingia. Kingo za korongo ni za maji. Hili la korongo mgeni wa Dodoma halimwingii akilini mpaka alione mwenyewe. Miezi saba au minane ni mchanga mkavu, laini, mzuri kwa chandimu kuliko uwanja wowote. Januari mvua inanyesha huko juu, na kwa muda mfupi tu pale palipokuwa na goli pananguruma maji mekundu. Aliyejenga humo akidhani amepata eneo la bure hana wa kumlaumu.

Dodoma ina bahati ambayo miji mingi haina: ilichorwa kabla haijajaa watu. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie hapa, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Mwaka 1976 ukatoka mpango kabambe ulioandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Canada. Mpango ule ulitaka mji wa watu wanaotembea kwa miguu na kupanda mabasi, makazi yakitenganishwa na kijani, majengo yasishindane na vilima. Malalamiko ya wakazi dhidi ya CDA yalikuwa mengi, na Mei 2017 Rais John Magufuli aliivunja, kazi zake zikahamia kwenye halmashauri. Sitasema wakazi walilalamika bure. Lakini ukitembea leo kwenye mitaa iliyopimwa zamani ukakuta uwanja umebaki katikati ya nyumba, ujue kuna mtu aliwahi kuuchora na mwingine akakataa kuukata vipande.

Bahati hiyo sasa inabanwa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo ambalo leo ni Jiji la Dodoma. Ile ya 2022 ikakuta 765,179. Katikati ya hesabu hizo mbili serikali ilihamia, na Aprili 2018 manispaa ikawa jiji. Mahali ambapo mwaka 2012 ungeweza kuchunga mbuzi, leo fundi anapiga lipu ghorofa ya pili. Kiwanja kikipanda bei, kila pasipojengwa panaanza kutazamwa kwa jicho la tamaa.

Halafu kuna maji. Mtu akisema "bustani" mawazo yanakimbilia ukoka na maua. Dodoma hupata mvua kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Juni mpaka Oktoba ni upepo na vumbi, na ukoka usiomwagiliwa unageuka rangi ya mkeka. Maji ya mji kwa sehemu kubwa yanatoka kwenye visima virefu vya Mzakwe, na mtaa unaopata maji kwa mgao hauwezi kufurahi kuona boza likinywesha maua. Kwa hiyo bustani ya hapa, kabla ya kuwa suala la uzuri, ni suala la bili. Ndiyo maana mti wa kivuli una thamani kuliko zulia la ukoka: mwarobaini ukishashika mizizi unajitegemea, na chini yake watu kumi wanakaa saa saba mchana. Mwaka 2017 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alizindua hapa kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani, na miti mingi imepandwa tangu wakati huo. Kupanda ni siku moja, ina wageni na kamera. Kumwagilia miaka miwili ya kwanza hakuna kamera, na mbuzi wa Dodoma hasomi vibao. (Vijijini mkoani humu wana mbinu ya kisiki hai: badala ya kupanda mche mpya, unachagua machipukizi ya kisiki ambacho mizizi yake ingali hai, unayapogolea na kuyalinda. Sijui kwa nini mitaa ya pembezoni, yenye visiki tele, haijaikumbatia.)

Eneo likishatengwa na kupata kivuli, bado halijawa huduma. Miji mingi ya Marekani ina idara moja ya bustani na burudani: haohao wanaofyeka nyasi ndio wanaopanga ratiba ya kuogelea kwa watoto, mazoezi ya wazee na ligi za jioni. Kwetu kazi hiyo imegawanyika. Kutenga eneo ni kazi ya mipango miji, ligi ni ya afisa michezo, ngoma ni ya afisa utamaduni, taka ni za watu wa mazingira, na barabara ya kufikia hapo inaweza kuwa ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Kila mmoja ana kipande chake, na uwanja wa mtaa unaweza kukaa miaka bila hata mmoja wao kuufikiria.

Pengo hilo wanaliziba wakazi wenyewe. Alfajiri kuna jogging klabu, fulana za rangi moja, nyimbo za kuamsha waliolala. Jumamosi ya pili ya mwezi ilishatangazwa kitaifa kuwa ya mazoezi tangu mwishoni mwa 2016, na ya mwisho wa mwezi ni ya usafi, kwa hiyo kalenda ipo kwa mwenye kutaka kuitumia. Jioni ni soka la mchangani, na ligi ya mtaa ambayo bingwa wake anaondoka na mbuzi. Chini ya mti kuna drafti na bao. Watoto wana rede na kombolela. Bila shaka mtu wa Dodoma anaweza pia kupumzika kwa kwenda mnadani Msalato kula nyama choma, lakini huko unalipa, na mapumziko ya kulipia si kila mtu anayamudu.

Kuna jambo nililoligundua kwa kukaa tu na kuhesabu nani yuko uwanjani saa kumi na moja jioni. Wavulana wapo wa kila umri. Wasichana wapo mpaka darasa la nne au la tano, halafu wanapotea. Kina mama wanakatiza na ndoo, hawakai. Ukiuliza, wengine watakwambia ni mila, wengine kazi za nyumbani. Muulize mama mwenyewe: hakuna pa kukaa, taa hakuna, na choo hakuna. Choo ndicho kinachoamua. Mwanamume atasimama nyuma ya mti. Mama mwenye mtoto wa miaka mitatu atarudi nyumbani, na akirudi harudi tena uwanjani. Kwa hiyo ukisikia mtaa wenu umepata fedha za kuboresha uwanja, kabla ya kushangilia geti na bembea, ulizeni choo kitakuwa wapi na ufunguo atakaa nao nani.

Na eneo likishaandikwa la wazi, je, haliwezi kubadilishwa? Linaweza, kwa njia yake. Kubadili matumizi ya ardhi kunahitaji maombi kwa mamlaka ya mipango, tangazo, na wakazi kupewa muda wa kutoa pingamizi. Matangazo ya namna hiyo hutoka magazetini kwa herufi ndogo, ukurasa ambao watu hufungia maandazi. Mara nyingi, lakini, eneo haliliwi kwa tangazo. Linaliwa kidogo kidogo: kwanza kibanda cha chipsi, kisha gereji chini ya mti, kisha ukuta wa jirani unasogea hatua tatu, kisha siku moja anatokea mtu na karatasi.

Kwetu mtu huyo alitokea mwezi wa sita. Kijana nadhifu, faili mkononi, akawasalimia wazee wa drafti kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", wakaitikia. Akauliza, "Wazee wangu, hapa ni pa nani?"

Mzee mmoja, bila kuinua macho kwenye kete zake, akajibu, "Pa wazi."

"Basi vizuri, pana nafasi."

"Nimesema pa wazi, mjukuu wangu, sikusema patupu. Mimi hapa hunioni nimekaa?"

Kijana alicheka, akapiga picha kwa simu, akaondoka. Wiki iliyofuata vilionekana vigingi. Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano, tukachagua watu wanne twende ofisini kuomba kuuona mchoro. Tuliambiwa rudini Jumatatu, tukarudi. Aliyekuwa na funguo yuko semina, tukarudi tena. Mara ya tatu dada mmoja wa ofisini akatukunjulia karatasi kubwa mezani, akaibana kwa stepla na kikombe cha chai isijikunje. Uwanja wetu ulikuwa pale, umepakwa kijani, umezungukwa na viwanja vyenye namba. Karatasi ya yule kijana ilikuwa na namba inayofanana, ila herufi ya kitalu, yaani kundi la viwanja, ilikuwa nyingine, ya upande wa pili wa mji. Kama ni makosa au makusudi, kila mtu mtaani kwetu ana jibu lake.

Ukitaka kuuliza habari za uwanja wenu, nenda na namba ya kiwanja na herufi ya kitalu cha nyumba yoyote inayopakana nao, ndiyo inayowasaidia kuupata mchoro haraka. Usiende peke yako. Mkiwa na barua ya mtaa yenye muhuri wa mtendaji, ile Jumatatu ya kurudi inakuja mapema kidogo. Na mkishauona mchoro ombeni nakala, maana kumbukumbu ya mzee wa drafti haipokelewi kama kiambatanisho.

Sisi tulichanga, tukanunua bati na nguzo, fundi akaandika kwa rangi nyekundu: ENEO LA WAZI, HAPAJENGWI. Vigingi vilishang'olewa, watoto wanavitumia kama magoli. Juzi nilipita nikakuta mtu amebandika karatasi kwenye kibao chetu, katikati kabisa ya maandishi, na namba ya simu chini: viwanja vinauzwa, vimepimwa, maongezi yapo.