Je, wajua madigadi ya mbao hupindwaje kuzunguka gurudumu bila kuvunjika?

Chukua ubao mkavu wenye unene wa milimita 4, ujaribu kuupinda ufuate duara la gurudumu la baiskeli. Utalalamika, utagoma, na ukiulazimisha huenda ukakatika palepale penye kifundo au penye nyuzi zilizokwenda mshazari. Hata usipokatika, ukiuachia tu unanyooka. Lakini ziko madigadi za mbao zenye unene huohuo zinazokumbatia gurudumu nusu duara nzima, na hudumu safari za maelfu ya kilomita. Tofauti ni kwamba ubao umechanwa kwanza kuwa papi nne za milimita 1, kisha papi hizo zikagundishwa pamoja zikiwa tayari zimepinda.

Ubao ukipindwa, uso wa nje huvutika na uso wa ndani hubanwa. Kadiri ubao ulivyo mnene, ndivyo uso wa nje unavyovutika zaidi. Kwenye duara la gurudumu kubwa, ubao wa milimita 4 huvutika kwa takriban asilimia 0.6 upande wa nje. Mti mkavu hukatika ukikaribia asilimia 1, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni finyu na kasoro ndogo tu inaimaliza. Papi ya milimita 1 huvutika robo ya hapo, ndiyo maana unaweza kuizungusha kwa mikono bila mvuke wala maji ya moto. Papi nne zikipindwa pamoja, kila moja huteleza kidogo juu ya mwenzake, kama kurasa za daftari unapolikunja. Gundi ikikauka, kuteleza kunafungwa. Ili madigadi inyooke tena, ingebidi papi ziteleze kurudi zilikotoka, na gundi hairuhusu.

Lakini haizuii kabisa, maana mpindo hujirudi kidogo. Kiasi hicho hukadiriwa kwa hesabu nyepesi: gawanya moja kwa idadi ya papi iliyozidishwa kwa yenyewe. Papi mbili hupoteza robo ya mpindo, tatu sehemu moja ya tisa, nne sehemu moja ya kumi na sita. Kwa hiyo kalibu, yaani umbo ambalo papi hupindwa juu yake, lazima iwe na duara dogo kuliko lile unalolitaka. Tuchukue tairi la 700×35, yaani lenye unene wa milimita 35. Rimu yake ina kipenyo cha milimita 622 pale tairi linapokalia. Ongeza unene wa tairi pande zote mbili, unapata 692, yaani nusu kipenyo cha 346. Acha uwazi wa milimita 15 ili tope na vijiwe vipite, na madigadi inatakiwa kuwa na nusu kipenyo cha 361. Kwa papi nne, chonga kalibu ya 338. Anayechonga kalibu ya 361 kamili hupata madigadi iliyofunguka, kisha huikaza kwa vyuma vya kushikilia mpaka ikae. Madigadi ya namna hiyo huishi ikiwa imekazwa siku zote, na ufa wake wa kwanza hutokea kwenye tundu la bolti.

Madigadi ya nyuma inayofunika nusu duara ina urefu wa takriban milimita 1,134, basi kata papi za mita 1.25. Mbao bapa haina mashavu ya kushuka pembeni kama ya bati, hivyo lazima ipite tairi kwa upana: tairi la milimita 35 linataka madigadi ya 55. Kata papi za 65, kwa sababu kingo zitachafuka kwa gundi na utazipiga randa baadaye. Nyuzi za papi zote zifuate urefu. Usizipishanishe kama za plaiwudi, kwani papi iliyokaa kukingama haibebi chochote katika mpindo huu. Mbao za miti ya ashi na mwaloni hupindika vizuri, na mkangazi pia hufaa ukichagua wenye nyuzi zilizonyooka. Mtiki unapendeza na hauozi, ila una mafuta yanayoikataa gundi. Ufute kwa asetoni muda mfupi kabla ya kupaka.

Gundi ni mahali pa kutofanya ubahili. Gundi nyeupe ya seremala hushika vizuri, lakini hata ikikauka huendelea kunyumbuka polepole chini ya mzigo, na madigadi iliyokuwa duara huanza kufunguka yenyewe. Epoksi, gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa, ndiyo inayofaa. Kwa papi nne zenye viungo vitatu, andaa gramu 60 hivi, na upake nyuso zote mbili za kila kiungo. Funika kalibu kwa utepe wa plastiki wa kufungia mizigo, la sivyo utapata madigadi na kalibu vikiwa kitu kimoja. Anza kubana katikati ukielekea kwenye ncha, ili papi ziwe na pa kutelezea. Ukibana ncha kwanza, katikati hubaki uvungu. Kama huna klampu za kutosha, kata mipira ya ndani ya matairi chakavu iwe mikanda, uizungushe kwa kuivuta kuanzia katikati. Kwa kazi hii mikanda hiyo ni bora kuliko klampu chache, kwa sababu hubana sawasawa kila mahali. Usibane kwa nguvu za kupitiliza: epoksi ikikamuliwa yote, kiungo hubaki kikavu na kitabanduka. Acha saa 24 kwenye kalibu, na zaidi kukiwa na baridi.

Baada ya randa na msasa, madigadi hiyo ya nyuma huwa na uzito wa gramu 175 hivi, kabla ya vyuma na bolti.

Sasa tufike kwenye kinachoziua madigadi nyingi za mbao, nacho ni maji. Mti hunywa maji kwa haraka zaidi kupitia ncha zilizokatwa kuliko kupitia uso, na kila tundu la bolti limezikata nyuzi, kwa hiyo ni ncha mbili zilizojificha. Maji yakiingia hapo, mti unavimba, unakauka, unavimba tena, na papi huanza kuachana kutoka kwenye tundu. Dawa yake ni hii: toboa tundu la milimita 9, lijaze epoksi, iache ikauke, kisha toboa katikati yake tundu la milimita 5 kwa bolti ya M5. Sasa bolti inagusa epoksi, haigusi mti. Weka washa pana ya mpira kila upande. Ukitumia mwaloni, nunua bolti za chuma kisichoshika kutu, kwani tanini, kemikali ya asili ya mti huo, ikikutana na chuma cha kawaida na unyevu huacha doa jeusi lisilotoka kirahisi.

Ncha zote mbili zipakwe epoksi mara mbili au tatu. Juu yake paka vanishi yenye kinga ya jua, kwa sababu epoksi iliyo wazi huharibiwa na mwanga wa jua. Joto nalo lina hatari yake: epoksi nyingi zilizokauka kwenye joto la kawaida hulainika zikifika nyuzi 50 au 60 za Selsiasi, na mbao nyeusi iliyoachwa juani mchana kutwa inaweza kukaribia hapo. Mbao ya rangi nyepesi ni salama zaidi.

Madigadi ya nyuma ishikiliwe kwa jozi mbili za vyuma, vinginevyo mtikisiko wa barabara mbovu huipigapiga hadi ichanike kwa urefu. Ya mbele jozi moja yatosha, lakini hapo tumia klipu zinazojiachia zenyewe. Kijiti kikinaswa kati ya tairi na madigadi ya mbele, huikunja madigadi kuelekea gurudumu na kulifunga ghafla, na mwendeshaji hurushwa juu ya usukani. Klipu inayoachia huiruhusu madigadi itoke.

Safarini, kila baada ya siku ya mvua, tazama ukingo wa kila washa. Ukiona mstari mweusi umeanza kuizunguka, maji yameshaingia: fungua bolti, acha tundu likauke kabisa, ulizibe upya kabla papi hazijaachana.