Gesi Haisukumi Upepo

"AC haina nguvu, fundi, niongezee gesi." Wiki hii nimeambiwa tena, na mzee ambaye alishaongezewa gesi huko alikotoka, akalipa, akarudi barabarani na tatizo lake. Nilifungua kile kisanduku cha mbele ya abiria, nikavuta filta inayochuja hewa ya ndani ya gari. Ilitoka kama kipande cha blanketi la mbwa: vumbi jekundu, nywele, maua ya jakaranda yaliyokauka. Gesi je? Ilikuwepo, tena imezidi.

Basi tuelewane. Gesi imefungiwa ndani ya mabomba. Inatoka kompresa, yaani pampu yake, inapita kondensa inakotua joto, inapita valvu, inaingia evaporeta, kile kirediata cha ndani ya dashibodi ambacho upepo unapita kupoa, inarudi kompresa. Kazi yake ni kubeba joto, kwisha. Upepo unaokupiga usoni unasukumwa na bloa, ambayo ni mota ya umeme na feni yake, na hiyo bloa haijui kama kuna gesi au hakuna. Zima AC, weka feni namba ya mwisho. Upepo bado ni wa kubembeleza? Basi gesi haihusiki. Upepo mwingi lakini wenye joto hata AC ikiwa imewashwa, hapo tuongee gesi. Upepo wa baridi lakini kidogo, tafuta kinachouzuia au kinachoshindwa kuusukuma.

Filta nimeshaitaja. Magari mengi ya miaka ya 1990 hayakuwekewa filta kabisa, na mengine yana nafasi yake lakini ndani ni tupu. Usishangilie kwamba huna filta ya kubadilisha. Maana yake ni kwamba vumbi lote la mitaa ya Ruai na Utawala hapa Nairobi limekuwa likienda moja kwa moja kwenye evaporeta, hata siku ambazo hukuwasha AC, kwa sababu feni inavuta hewa ile ile.

Feni inafanya kazi namba nne tu, nyingine zimekufa? Ni resista, kile kipande kinachopunguza umeme wa feni kwenye namba za chini. Namba nne hainusuriki kwa bahati, yenyewe haipiti kwenye resista. Usikubali kuuziwa bloa.

Vipande vyeusi vya sponji vinakurukia kutoka kwenye matundu? Milango ya ndani inayoelekeza upepo imeoza sponji yake, na upepo unavujia miguuni badala ya kuja usoni. Kazi ndefu, tusonge.

Sasa bloa yenyewe. Kabla ya kuihukumu, weka namba ya mwisho, injini ikinguruma, upime volti pale kwenye plagi ya bloa ikiwa imeunganishwa. Ukichomoa plagi ndiyo upime, utasoma volti nzuri na utadanganyika, maana waya mbovu huonekana mbovu pale tu inapobebeshwa mzigo. Betri inasoma 14, bloa inapata 11? Mota haina kosa. Tafuta plagi iliyoungua, rilei (swichi ya umeme) iliyochoka, au waya ya ardhi, ile inayofungwa kwenye bodi ya gari, yenye kutu.

Na kuna hili linalonikera kuliko yote. Mtu ananunua bloa ya mtumba Kirinyaga Road, plagi haifanani, fundi anakata waya na kuzisokota kwa kubahatisha. Feni inazunguka, upepo unatoka, kila mtu anapeana mkono. Wiki mbili baadaye: "AC haina nguvu." Feni hii ya mapezi yaliyopangwa duara ina tabia moja mbaya: ukiizungusha kinyume bado inapuliza upande ule ule, ila kwa nguvu ndogo. Haivuti hewa kurudi nyuma ili ujue umekosea. Inakuacha ukidhani gari limezeeka. Kwa hiyo angalia kasha lake: linapanuka kuelekea mdomo wa kutolea upepo, na feni lazima izunguke kufuata kule linakopanuka. Ikienda kinyume, geuza waya mbili. Mwenye gari amekuwa akiongezewa gesi kutibu waya zilizogeuzwa.

Sasa nikubali jambo moja, kwa sababu najua kuna fundi anasoma hapa akitikisa kichwa. Ndiyo, iko njia ambayo gesi inaweza kupunguza upepo: barafu. Evaporeta ikishuka chini ya sifuri, unyevu wa hewa unaganda juu yake, mapengo kati ya mapezi yanajaa, upepo hauna pa kupita. Dalili yake huwezi kuikosa. Unatoka mjini upepo uko sawa, ukifika Thika umebaki pumzi, feni inanguruma bure. Unasimama, unakunywa chai, ukirudi upepo ni mzima na chini ya gari kuna dimbwi la maji.

Gesi ikipungua kiasi, presha ndani ya evaporeta inashuka, na presha ikishuka gesi inachemka kwenye baridi zaidi. R134a, gesi ya AC za magari mengi, inachemka kwenye nyuzi sifuri geji ya presha ikisoma karibu psi 28 kule Mombasa. Hapa Nairobi, mita zaidi ya 1,600 juu ya bahari, geji hiyo hiyo itasoma karibu 30, kwa sababu hewa ya nje inayolinganishwa nayo ni nyepesi. Wanaosoma geji kwa kutumia jedwali la pwani wakumbuke hilo. Lakini gesi ikipungua sana hupati barafu ya maana. Kompresa inajizima yenyewe.

Na hapa ndipo imani hii ya kwamba gesi huleta upepo inapopata nguvu. Mteja anakuja na evaporeta iliyoganda. Gari linakaa gereji saa nzima likingoja mtungi wa gesi. Barafu inayeyuka. Anaongezewa gesi, anawasha, upepo mwingi! Gesi inapewa sifa ya kazi iliyofanywa na jua la Industrial Area. Kwenye magari ya zamani ninayofungua, barafu mara nyingi inaletwa na thamista, kile kidude kinachopima baridi ya evaporeta na kuamuru kompresa ipumzike kabla ya sifuri. Mara nyingine ni filta iliyoziba: upepo mdogo, joto kidogo la kubebwa, evaporeta inazidi kupoa, inaganda, upepo unazidi kupungua.

Evaporeta chafu bila barafu ndiyo inayonisumbua. Vumbi likikutana na maji linakuwa tope. Naisikiliza kwanza feni: njia ikiziba, feni ya aina hii huzunguka kwa kasi zaidi na kupiga mluzi, na umeme inaovuta unapungua, wakati mota iliyochoka inazunguka polepole. Inasaidia, lakini gari lenye mota iliyochoka na pia evaporeta chafu linanichanganya hadi leo.

Vitabu vinasema itoe, ioshe, irudishe. Kwenye gari la miaka ishirini hiyo ni kung'oa dashibodi nzima, na plastiki iliyopigwa jua inavunjikia mkononi. Kwa hiyo wengi wetu tunapuliza dawa ya povu. Maji meusi yanatoka chini ya gari, mteja anafurahi. Upepo unaongezeka? Wakati mwingine. Wakati mwingine nashuku tope limesogea tu ndani zaidi, na simwambii mtu kwamba povu ni sawa na kuosha. Ila mashine ya presha ya kuoshea magari usiiruhusu karibu: inakunja mapezi, na pengo lililokunjika halipitishi upepo tena.

Kabla ya kuniletea gari, bonyeza kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Upepo ukiongezeka ghafla, kizuizi kiko kwenye mlango wa hewa ya nje, chini ya waipa. Kama unaegesha chini ya miti Kileleshwa, inua boneti, toa majani kwa mkono, ujaribu tena. Hiyo hainihitaji mimi.