Mzizi Umeua Seli, Lakini Bado Sijauita Dawa

Shangazi yangu wa Kwale huniuliza swali lilelile kila nikimtembelea: "Mwanangu, ile mizizi niliyokupa imeua saratani?" Humjibu kwamba imeua seli za saratani, na uso wake hung'aa kabla sijamaliza kusema. Leo naandika kile ambacho sipati nafasi ya kukimalizia.

Katika maabara ninamofanyia utafiti, mmea hukaushwa kivulini, husagwa, kisha hulowekwa kwenye ethanoli siku kadhaa. Nikishachuja, naifukiza ethanoli yote mpaka ubaki ukoko mweusi unaonata kama lami. Hiyo ndiyo dondoo. Naiyeyusha kwa DMSO, kimiminika cha kuyeyushia, kidogo sana, maana DMSO ikizidi huumiza seli yenyewe, nami nikausifu mmea kwa kazi isiyo yake.

Seli hukaa kwenye trei ya plastiki yenye vishimo 96, ndani ya kiatamizi chenye nyuzi joto 37. Mara nyingi ni HeLa, vizalia vya seli zilizochukuliwa mwaka 1951 kwenye saratani ya mlango wa kizazi ya Henrietta Lacks, huko Baltimore, bila yeye kuombwa ruhusa. Nikishaziwekea dondoo kwa viwango tofauti na kusubiri siku mbili au tatu, natia MTT, kemikali ya njano. Seli hai huigeuza zambarau. Seli mfu haziwezi. Mashine husoma ukali wa zambarau, nami napata IC50, yaani kiwango cha dondoo kinachoshusha uhai wa seli hadi nusu. Dondoo ghafi ikifika hapo chini ya mikrogramu 30 kwa mililita, wengi wetu huona inafaa kufuatiliwa.

Tahadhari kubwa ni mimea yenye polifenoli nyingi, kundi la kemikali za asili za mimea. Hugeuza MTT kuwa zambarau hata pasipo seli. Wakati fulani nilikaribia kuitupa dondoo ya gome moja kwa sababu namba zilisema seli zinanawiri kila nilipoiongeza. Nilipochungulia kwa hadubini, seli zilikuwa zimesinyaa na kuelea. Tangu siku hiyo kila trei yangu ina vishimo vya dondoo na MTT peke yake, bila seli.

Kisha linakuja jambo la kunikosesha usingizi: je, dondoo inachagua, yaani inaua seli za saratani na kuziacha nyingine? Naijaribu pia kwenye seli za Vero, zilizotokana na figo ya tumbili na ambazo si za saratani. Zikifa kwa kiwango kilekile, nilichoshika mkononi ni sumu.

Na hata sumu ina habari zake. Mwaka 1972 kundi la mkemia Morris Kupchan lilitangaza kemikali iitwayo maytansine, kutoka kwa mmea wa jenasi ya Maytenus uliotoka Ethiopia. Miaka michache baadaye, kwa ajili ya utafiti wa Marekani, ndugu yake Maytenus buchananii alivunwa kwa maelfu ya kilo hapa hapa Shimba Hills, karibu na kwa shangazi. Maytansine huzuia seli kugawanyika, na kwenye trei ilifanya kazi kwa kiwango kidogo mno. Ilipopewa wagonjwa, iliwaumiza tumbo na neva kiasi kwamba ikawekwa kando. Ilichukua miongo kadhaa hadi watafiti walipoifunga kemikali ya ukoo wake kwenye kingamwili inayotafuta seli zenye protini ya HER2 kwa wingi. Dawa hiyo, trastuzumab emtansine, iliidhinishwa Marekani mwaka 2013 kwa saratani ya matiti. Napenda sana kisa hiki: sumu ni ya ukoo uleule, ila sasa imepewa anwani.

Mizizi ya shangazi imeua HeLa, na imeua Vero kwa kiwango kinachokaribia hicho. Sasa naitenganisha dondoo yake sehemu kwa sehemu, nione kama mojawapo inachagua. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama aendelee kumchemshia jirani yake anayetibiwa saratani. Nilimwomba aache, na amsindikize kliniki Jumatatu.