Laptopu Bado Iko Njiani: Yanayosemwa Kijiweni na Yaliyo Kweli

Malipo ya korosho yakiingia, mengine hugeuka bati, mengine pikipiki, na mengine laptopu ya kijana anayekwenda chuo. Ikishaagizwa Dar es Salaam, Dubai au China, huanza kipindi cha kusubiri, na hapo kijiwe kizima cha Mtwara au Lindi huwa fundi. Huyu anasema mzigo umepotea, yule anasema usijali hiyo RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya 8GB, utaongeza mbele ya safari. Uvumi wa kwanza hukunyima usingizi tu. Wa pili unakula hela, kwa sababu oda hubadilishwa kabla mzigo haujaondoka, na ukishafika, kilicholehemiwa kimelehemiwa.

“Wameandika ‘shipped’, basi iko njiani”

Mara nyingi maana yake ni kwamba muuzaji amechapisha lebo. Boksi lenyewe linaweza kuwa bado rafuni. Ushahidi wa safari ni skani ya kwanza ya msafirishaji, yaani pale anapoandika kwamba amepokea mzigo. Hadi hapo, muuzaji bado anaweza kukubadilishia modeli au kiasi cha RAM, kwa hiyo mpigie.

Baada ya skani ya kuondoka huja kimya cha siku kadhaa. Hakuna anayeskani mizigo angani, na mawakala wanaokusanya mizigo ya watu wengi husubiri shehena itimie. Namba ya kufuatilia mzigo wa posta ya kimataifa ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ulikotumwa mzigo: ikiishia CN imetumwa kutoka China. Namba isiyo na umbo hilo ni ya kampuni binafsi, na kuitafuta kwenye mfumo wa Posta ni kupoteza bando.

Ukitaka betri ya akiba, usimwambie muuzaji aisindikize kimyakimya. Betri za lithiamu zinazosafiri peke yake zimezuiwa kama kago kwenye ndege za abiria tangu tarehe 1 Aprili 2016, na kwenye ndege za mizigo zinatakiwa ziwe na chaji isiyozidi asilimia 30. Betri iliyo ndani ya laptopu ina kundi lake na masharti mepesi zaidi. Pakiti ikikutwa na betri ambayo haikutajwa, mzigo wote unasimama.

“Mtwara tuna bandari, itashuka hapahapa”

Bandari tunayo, tena ya kina kirefu cha asili, na korosho hutokea hapo. Lakini laptopu moja haina meli yake. Hushukia Dar es Salaam, kwa ndege au ndani ya kontena, kisha hupanda basi au lori: takribani kilomita 450 hadi Lindi, zaidi ya 550 hadi Mtwara, kwa kuvuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa. Barabara hiyo ndiyo roho ya kusini. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata maeneo ya Somanga, na mizigo ikalala. Kwa hiyo ukisubiri wakati wa masika, ongeza siku kichwani kabla ya kumlaumu muuzaji.

Mzigo ukija kwa basi, hatari kubwa ni kulaliwa na gunia ndani ya buti kuliko wizi. Skrini hupasuka boksi likilala bapa chini ya uzito. Mwambie anayetuma atie boksi la laptopu ndani ya katoni ngumu yenye sentimita tano za sponji au magazeti yaliyofinyangwa kila upande, kisha akutumie picha ya risiti na namba za basi. Ukipokea pale stendi ya Mkanaledi, Mtwara, kagua kona za katoni mbele ya karani kabla hujasaini.

“Chukua ya 8GB, RAM inaongezwa”

Hapa ndipo pesa inapopotelea. Muuzaji akiulizwa hujibu, “Inaongezwa hiyo, bosi wangu,” bila kuangalia. Jibu la kweli halitegemei chapa wala unene wa mashine, linategemea modeli kamili iliyoandikwa kwenye risiti.

RAM ya laptopu huja kwa namna tatu. Kuna vijiti vya SO-DIMM vinavyochomekwa kwenye sloti. Kuna chipu zilizolehemiwa moja kwa moja kwenye bodi. Na kuna mchanganyiko: kiasi fulani kimelehemiwa, na pembeni ipo sloti moja. Dell Latitude 5420 ina sloti mbili. Jirani yake 7420 imelehemiwa yote. ThinkPad T480 ina sloti mbili, lakini T480s, kwa herufi moja tu ya ziada, ina sehemu iliyolehemiwa na sloti moja. X1 Carbon haina sloti. MacBook zote zenye chipu za M, kuanzia M1 ya mwaka 2020, RAM yake imefungwa pamoja na prosesa. Hata upande wa Intel, prosesa za Core Ultra 200V huja na GB 16 au 32 juu ya kifurushi chake, na hapo hata fundi wa kulehemu hana pa kushika.

Wengi husema huu ni uchoyo wa watengenezaji. Uchoyo upo, lakini si sababu pekee. RAM ya aina ya LPDDR hula umeme kidogo, huchukua nafasi ndogo, na hukimbia zaidi kwa kuwa iko karibu na prosesa. Unapata mashine nyembamba inayokaa na chaji, na unaacha haki ya kuongeza. Biashara hiyo si mbaya, mradi uifanye ukijua.

Kuhakikisha hakuhitaji fundi. Lenovo huweka vipimo vya kila modeli kwenye tovuti yao ya PSREF. Dell na HP hutoa mwongozo wa matengenezo wa kila mashine bure. Tafuta sehemu ya kumbukumbu: ukikuta neno “soldered” au “onboard”, hiyo imelehemiwa. Kama mashine iko dukani Kariakoo inasubiri kutumwa, omba picha ya skrini: Task Manager, kichupo cha Performance, kisha Memory. Mstari wa “Form factor” ukisema SODIMM, ni kijiti. Ukisema “Row of chips”, zimelehemiwa. Usiutegemee mstari wa “Slots used” peke yake. Kwenye mashine zilizolehemiwa huweza kuonyesha sloti ambazo hazipo.

Ikiwa imelehemiwa, lipia GB 16 sasa hivi, hata kama itabidi upunguze ukubwa wa SSD, yaani diski ya kuhifadhia mafaili. SSD hubadilishwa kwenye laptopu nyingi za Windows kwa bisibisi moja. GB 8 zilizolehemiwa zitabaki 8 mpaka mashine ife, na sehemu ya hizo huchukuliwa na grafiki za ndani.

“RAM ni RAM, ya yule jamaa itaingia”

Haiingii. RAM ina vizazi: kijiti cha DDR3L cha laptopu kina pini 204, cha DDR4 kina 260, cha DDR5 kina 262, na pengo la katikati limehamishwa makusudi ili ukikosea kigome. Kikigoma usikisukume. Ndani ya kizazi kimoja mambo ni mepesi: kijiti cha DDR4 cha kasi ya 3200 kwenye mashine ya 2400 kitakimbia 2400 bila ugomvi. Na 8 pamoja na 16 hufanya kazi vizuri, ila sehemu tu ya kumbukumbu ndiyo itakayokwenda kwa njia mbili kwa pamoja, yaani kwa kasi zaidi. Vijiti viwili vya 8 hushinda kimoja cha 16 pale grafiki za ndani zinapotumika, kwa mfano kuhariri video.

Kazi yenyewe, mashine ikifika: izime kabisa, isiwe imelala tu, na uchomoe chaja. Fungua kifuniko cha chini, chomoa kiunganishi cha betri kwa kukivuta taratibu kwa kucha mbili, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 15 kumaliza umeme uliobaki. Gusa chuma. Shika kijiti kwa kingo. Joto la pwani hutoa jasho, na jasho kwenye mguso wa dhahabu ni kutu ya baadaye. Kiingize kwa mwinamo wa nyuzi 30 hivi mpaka dhahabu ikaribie kuzama yote, ndipo ukilaze hadi vibanio vya pembeni vilie “tak”.

Kisha washa, na hapa wengi huharibu. Mashine ya DDR5 ikiona RAM mpya hujipima kwanza: skrini nyeusi, feni inazunguka, hakuna kinachoonekana, wakati mwingine kwa dakika kadhaa. Mtu akiona giza huzima, anawasha, anazima tena, na kila mara upimaji unaanza upya. Iache dakika kumi ukanywe chai. Ikibaki nyeusi, kitoe kijiti, kifute kwa spiriti kali kwenye kitambaa kisichotoa nyuzi, kirudishe. Tatizo la kawaida ni kijiti kilichoingia robo tatu.

“SSD yoyote ndogo ya kijani inafaa”

Kwanza kipimo: 2280 maana yake upana milimita 22 na urefu 80, zipo pia 2242 na 2230, na skrubu ya kushikilia mara nyingi iko sehemu moja tu. Pili lugha: sloti inayozungumza SATA tu, njia ya zamani ya kuunganisha diski, haitaitambua SSD ya NVMe, njia mpya yenye kasi, hata ikiingia vizuri. Mwongozo uleule wa matengenezo unakujibu yote mawili.

Kosa linalowatoa watu jasho hutokea baadaye. Umeweka SSD mpya, umewasha flashi ya Windows, na orodha ya diski ni tupu. SSD si mbovu. Mashine nyingi za Intel za kuanzia kizazi cha 11 huja zikiwa zimewashwa kitu kiitwacho VMD, njia ya Intel ya kusimamia diski, na flashi ya Windows mara nyingi haina draiva yake. Ama pakua draiva ya Intel RST, iweke kwenye flashi na uichague pale, ama zima VMD ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows, kabla ya kuanza. Usiizime kwenye mashine ambayo Windows yake tayari inafanya kazi, maana itashindwa kuwaka.

Na kabla ya kung’oa SSD ya zamani, toa ufunguo wa BitLocker, kufuli la diski la Windows, kwenye akaunti ya Microsoft uandike kwenye daftari. Windows 11 mara nyingi husimba diski bila kukuuliza, na bila tarakimu 48 za ufunguo huo picha za harusi zimekwenda.

“Nachukua i7 ya zamani, nitaiongezea nguvu”

Prosesa za laptopu za kawaida za Intel zilikuwa za kuchomeka hadi kizazi cha 4. Tangu hapo zimelehemiwa. Na jina i7 halina maana bila kizazi: i7-7500U ina koa (core, viini vya kufanyia kazi) mbili, i5-8250U ina nne. Tena Windows 11 inaipokea hiyo i5 na kuikataa i7, na msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. RAM ya GB 32 haibadilishi hilo.

“Ukifungua tu, waranti imekufa”

Dell, HP na Lenovo wenyewe huchapisha hatua za kubadili RAM na SSD. Kisicholipwa ni unachokivunja ukifungua. Stika ya “ikichanika hakuna waranti” huwa ya muuzaji, kwa hiyo muulize yeye kabla, kwa maandishi.

“Laptopu hazina ushuru”

Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki kwa laptopu ni asilimia sifuri, kweli. VAT ni kodi nyingine, kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, nayo hupigwa juu ya bei pamoja na bima na usafiri. Mashine ya shilingi 1,000,000 yenye bima na usafiri wa 100,000 inadai 198,000 kabla ya tozo nyingine. Na usafiri wa ndege wenyewe huweza kukokotolewa kwa ujazo: boksi la sentimita 50 kwa 35 kwa 10, ukigawanya kwa 5,000, linahesabiwa kilo 3.5 hata kama mizani inasoma 2.6.

“Haiwaki, wameniuzia mbovu”

Laptopu nyingi mpya husafirishwa betri ikiwa imelazwa kiwandani, na kitufe hakijibu mpaka uchomeke chaja kwa mara ya kwanza. Kukuta chaji asilimia 40 pia si dalili kwamba imetumika. Dalili iko kwingine: andika powercfg /batteryreport kwenye Command Prompt, linganisha uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa na uangalie idadi ya mizunguko; kisha soma saa za kazi za SSD kwa CrystalDiskInfo. Mashine mpya huonyesha saa chache, siyo maelfu.

Na ikiwa imetoka Marekani na pini mbili bapa, usinunue transfoma. Soma kibandiko cha chaja: kikisema 100–240V, inakubali umeme wetu wa 230V. Kama waya wake unachomoka kwenye tofali la chaja, na tundu lina umbo la majani matatu, ulizia waya wa pini tatu kwenye duka la vifaa vya umeme, wenye fyuzi ya ampea 3 au 5 ndani ya plagi.